Aliyeua ni Daktari wa Meno

Shemeji yangu anakaa Kisarawe, mimi Kibaha, na kinachotuunganisha ni flashi. Wilaya zetu zinapakana kwenye ramani, ila kwa daladala hazipakani: unatoka Kisarawe, unashuka Gongo la Mboto, unazunguka Kinyerezi na Malamba Mawili mpaka Mbezi, ndipo upate gari la Maili Moja. Kwa hiyo flashi huja na mtu, pamoja na mihogo, na kila ikifika shemeji ameshaangalia yote.

Humo ndani mna Murder, She Wrote, tamthilia ya Kimarekani iliyoanza 1984 ikaisha 1996, episodi 264, na ukiona moja umeziona zote. Sisemi kwa dharau. Ndiyo raha yake. Angela Lansbury anaigiza Jessica Fletcher, mjane, mwalimu mstaafu aliyegeuka mtunzi wa riwaya, mkazi wa Cabot Cove, kimji cha pwani ambako watu wanauawa kwa kasi ambayo, ingekuwa Maneromango, wazee wangeshachangisha hela za mganga. Akienda kumtembelea ndugu, mtu anakufa na polisi wanamkamata asiyehusika, mara nyingine mpwa wake mwenyewe. Mimi ningekuwa ukoo mmoja naye, nikisikia bibi yuko njiani, ningefunga nyumba nikasafiri.

Zikibaki dakika kumi hivi, macho yake yanatua kwenye kitu kidogo, kifungo au saa iliyosimama, na uso unabadilika. Mke wangu husema, "Kashamjua." Kisha muuaji, ambaye angeweza kunyamaza tu akasubiri wakili, anaeleza yote mpaka machungu ya utotoni. Sijui nchi nyingine ambako watu wanakiri kwa wepesi huo.

Na sisi si wageni wa mambo haya. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa 1960, na wasomaji wakamfuata kitabu baada ya kitabu wakijua fika kwamba Msa hashindwi. Kwenye vibanda umiza kila mtoto anajua steringi hafi. Mtafsiri wa muvi naye hukuonyesha adui mapema, "huyu ndiye mbaya wetu, mwangalieni vizuri", na sijawahi kuona mtu akidai kurudishiwa kiingilio. Tena kuna Columbo, kazi ya Richard Levinson na William Link, hao hao walioshiriki kubuni Murder, She Wrote: humo unaonyeshwa muuaji mwanzoni kabisa, na bado unakaa mpaka mwisho, kwa sababu utamu ni kumwona Columbo, na lile koti lake lililokunjamana, anavyomzunguka tajiri wa watu.

Kwa hesabu hiyo, shemeji alipoandika usiku kwenye kikundi cha familia, "Aliyeua ni daktari wa meno", akaweka na emoji ya kucheka mpaka machozi, hakuharibu kitu. Mke wangu hakuipokea hesabu hiyo. "Kaka, ndo nini sasa?" Mdogo wao akadakia kwamba wengine wana kazi, hawawezi kumaliza flashi kwa siku moja. Kaka akauliza kama hapo anaambiwa hana kazi. Hakuna aliyemjibu, na kutojibiwa kukawa jibu. Kufika saa sita usiku daktari wa meno ameshasahauliwa, na mada ni nani hakutoa mchango wa harusi. Binamu wa Mlandizi, ambaye hata flashi haimfikii, akatuma ujumbe wa faida za maji ya limao. Akaambiwa asituletee dharau.

Ile emoji ndiyo iliyobebeshwa kesi yote. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao huko Marekani waliwapa watu sentensi za utani na za kweli wazitume kwa barua pepe. Watumaji walitarajia kueleweka mara 78 katika 100. Wasomaji wakapatia 56, yaani walikuwa karibu wanarusha shilingi. Shemeji alicheka, sisi tulisoma kachekwa mtu.

Kijiweni pale Maili Moja watu wanagombana kila jioni kuhusu Simba na Yanga, kwa kelele kuliko hizi, lakini unamwona mwenzio usoni, na mwenye kahawa akikusanya vikombe mmeshamaliza. Kwenye simu kahawa haiishi. Halafu humjibu unayegombana naye. Unawajibia wale ishirini walionyamaza wakisoma, wakwe zako wamo, na kurudi nyuma mbele ya wakwe ni ghali. Kila mtu akawa Jessica. Zikaletwa picha za meseji za miaka iliyopita, vielelezo, mashahidi. Wapelelezi tele, wa kukiri hakuna hata mmoja.

Saa kumi na moja alfajiri ikaingia sauti ya mama mkwe. Huwa haandiki, tulishasahau kwamba yumo. Nilivaa shati kwanza ndipo nikasikiliza.

"Mmeamkaje wanangu. Nimeyasoma yote. Sasa nyie mnaojua kupeleleza, lile hotpoti langu kubwa la maua, lililoondoka siku ya harusi, liko kwa nani?"

Kikundi kikanyamaza. Shemeji akaonekana anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Kisha ukaja ujumbe:

"Shikamoo mama. Chaji inaniishia hapa, tutaongea."