Jinsi ya Kuchora Waridi la Bluu Bila Kuulizwa Bei ya Kabichi

Ukiwa Arusha, panda haisi ya Usa River, ukae upande wa dirishani. Utayaona mabanda ya nailoni ya mashamba ya maua. Mle ndani mawaridi mekundu, meupe, ya njano na ya pinki yanakatwa na kupangwa kwenye maboksi ili yasafirishwe Ulaya. La bluu hakuna hata moja. Na kwa kuwa halipo, wewe mwenye akili zako timamu umeamua kuchora hilo hilo. Hongera. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: Nunua rangi

Usiingie duka la vifaa vya ujenzi ukaomba "rangi ya maji ya bluu". Utaulizwa, "Ukuta wa ndani au wa nje?" Ukijieleza kwamba unachora ua, utahurumiwa: "Basi chukua kopo dogo, kaka. Piga koti mbili."

Nenda duka la vifaa vya shule. Huko utapata kisanduku cha watoto chenye vidonge vya rangi, cha bluu kikiwa kimeshapasuka. Usinung'unike. Zamani wachoraji wa Ulaya walitengeneza bluu yao bora, ultramarini, kwa kusaga jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Ni katika miaka ya 1820 ndipo walipojua kuitengeneza kiwandani. Kidonge chako kilichopasuka kingemliza mchoraji wa kale kwa wivu.

Maji usinunue. Sehemu nyingi za huku kwetu maji yamepita kwenye miamba ya volkano ya Meru yakabeba floraidi ya kutosha kuyapaka meno yetu kahawia bila brashi. Maji haya yalianza uchoraji kabla yako.

Hatua ya pili: Tafuta ua la kutazamia

Hutalipata. Waridi kwa maumbile yake halitengenezi delfinidini, kemikali inayoyapa maua mengi rangi ya bluu. Unaweza kulibembeleza, kulimwagilia na kuliombea, lakini halitakuwa bluu.

Wajapani walikataa jibu hilo. Mwaka 1990 kampuni ya Suntory, pamoja na Florigene ya Australia, ilianza kutafuta njia ya kulipandikizia waridi jeni ya ua jingine. Mwaka 2004 wakatangaza kwamba wamefaulu, na mwaka 2009 ua likaanza kuuzwa Japani. Litazame kwenye picha. Kisha mwite mtoto yeyote wa Tengeru aliyewahi kupanda mti kuiba matunda, umuulize hiyo ni rangi gani. Atakujibu bila kusita: zambarau.

Njia ya mkato ni ya wapambaji wa harusi. Chukua waridi jeupe, likate shina, lichomeke kwenye maji yenye rangi ya chakula, ulale. Ua litakunywa usiku kucha na asubuhi utaikuta bluu imefika hadi kwenye petali. Ila majani nayo yatakuwa yamekunywa, na wewe utakuwa na ua linaloonekana kama limepigwa.

Hatua ya tatu: Chagua bluu yako

Kiswahili kina bluu, kina samawati iliyotoka mbinguni, na kina nili ya kufulia mashati meupe. Ukishindwa kuchagua, amka alfajiri utoke nje, uutazame Meru ukiwa Njiro. Mlima wote bluu, kuanzia kilele chake cha zaidi ya mita 4,500 hadi miguuni. Sema, "Naitaka hiyo hiyo," halafu ufanye kosa ambalo kila mtu hulifanya: uifuate.

Kadiri unavyopanda, bluu inakukimbia. Ukifika kwenye migomba na mibuni, kila kitu ni kijani. Nilimkuta bibi mmoja anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, bibi. Ule mlima wa bluu uko wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Bluu ndiyo ile kule," akanionyesha bondeni, nilikotoka.

Hatua ya nne: Chora

Katika rangi ya maji, nyeupe haipakwi. Nyeupe ni karatasi yenyewe uliyojizuia kuigusa. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kuuweka mkono mbali, jambo gumu kwa mtu aliyelipia rangi.

Anza na moyo wa ua, petali ndogo zilizokumbatiana, kisha toka nje ukizidi kuongeza maji. Kwenye vivuli tia tone la nyekundu. Moja tu. Ukitia mawili, rudi usome habari za Wajapani. Ukimaliza utagundua kwamba umechora kabichi. Usishtuke, kila waridi la mwanafunzi hupitia Soko la Kilombero.

Hatua ya tano: Subiri ikauke

Haraka haraka haina baraka, lakini aliyesema hivyo hakuchora Arusha mwezi wa Julai. Jua halionekani, baridi imekaa, karatasi inabaki mbichi hadi jioni, na ukipaka juu yake unapata tope.

Mimi nilikumbuka tanzanaiti. Jiwe hili linalochimbwa Mererani, ambalo Tiffany walilipa jina mwaka 1968, mara nyingi hutoka ardhini likiwa kahawia. Hupikwa kwenye joto la nyuzi mia kadhaa ndipo linapogeuka bluu ile ya kwenye vioo vya maduka ya vito. Nikajiambia: kama jiwe linaiva, karatasi itashindwa nini? Nikaishikilia juu ya jiko la mkaa.

Nawapa matokeo kama yalivyo. Tanzanaiti huingia motoni kahawia ikatoka bluu. Waridi langu liliingia bluu likatoka kahawia, pembeni kote.

Hatua ya sita: Litundike

Nililitundika ukuta wa mwisho wa sebule. Jirani yangu alikuja kuomba chumvi. Alisimama mlangoni, akashika kifua. "Hee! Waridi la bluu! Umelitoa wapi?"

Nikamkaribisha ndani. Akavua kandambili, akasogea, akasogea tena, akainama.

"Kumbe kabichi," akasema. "Na umeiunguza."

Hatua ya saba

Weka meza hapo katikati.