Kwa Mhusika, popote ulipo

Bandani, jirani na kijito kinachoingia Mto Mbaka,
Wilaya ya Kyela.

Mheshimiwa Mhusika,

YAH: OMBI LA KUKAMATWA KWA KUTIRIRISHA MAJI YA NGURUWE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua kila barua inaanza hivyo, lakini mimi namaanisha. Nimekutafuta miezi mitano. Ofisi ya kwanza waliniambia nguruwe ni mifugo, niende mifugo. Mifugo wakasema nguruwe ni wao, ila maji anayotoa si yao, niende maji. Watu wa maji wakaniuliza kama hayo maji ni ya kunywa. Nikasema hapana, ingawa wapo wanaoyanywa. Wakanielekeza mazingira, na huko nikamkuta binti mpole sana, akaniambia, "Baba, mhusika katoka kidogo." Ofisi hizo sizitaji; zilinipokea vizuri na mabenchi yao hayana kunguni. Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa kuwa ndiye pekee ambaye ofisi zote nne zinakubaliana kwamba yupo.

Nianze kwa kukiri. Nina nguruwe saba, majike wawili na watano wa kunenepesha. Zamani banda langu lilikuwa la mabanzi, limeinuliwa juu ya nguzo. Kinyesi kilidondoka chini, kikakauka, tukakizoa kwenda migombani. Kisha nikaendelea. Nikamwaga zege, nikaambiwa sasa nafuga kisasa. Uchafu wa kisasa hauzolewi, unaoshwa: kila asubuhi zikawa ndoo sita, na yote yakapita kwenye tundu la ukutani kwenda mferejini.

Laiti ungeuona huo mfereji. Pale tundu linapotokea maji yana rangi ya chai ya maziwa iliyoganda, na juu zinaelea pumba ambazo nguruwe hawakuzigusa. Hatua kumi mbele, utelezi wa kijani umeshika mawe. Ukiuvuta kwa kijiti unakuja wote, kama blanketi lililolowa. Hatua thelathini, magugu yamestawi kuliko mpunga wangu. Ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Magugu sijayapalilia wala kuyanunulia mbolea, na yanakula vizuri kuliko mimi.

Chini zaidi anakaa bibi mmoja anayechota maji ya kuoshea vyombo kijitoni. Siku moja nilipita kwake nikamsalimu, "Ugonile." Akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, leo umeosha mapema." Sikumwambia kama nimeosha. Aliona kwenye ndoo yake.

Kisheria, Mhusika, mimi ni mtu safi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa ziwa. Aliwahi kuja kijana wa ofisi fulani na futi kamba. Akapima toka ukingo wa kijito hadi ukuta wa banda: mita 64. Akanipa mkono wa pongezi. Wakati ananipongeza alikuwa amesimama ndani ya mfereji, na alipoondoka alifuta kiatu kwenye nyasi. Mita 60 ni umbali wa heshima kwa banda. Kwa kinyesi ni mwendo wa dakika chache mvua ya Aprili ikishuka, na mvua za Kyela unazijua hata kama Kyela huji.

Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 nayo inataka kibali kwa anayetiririsha majitaka mtoni. Hapo nilijiona sihusiki, kama wewe. Kiwanda kina bomba. Mimi nina tundu.

Sasa hesabu, na hapa naomba ukae. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Nguruwe wa kunenepesha anayelishwa vizuri hutoa naitrojeni kama kilo 10 kwa mwaka, nyingi ikiwa kwenye mkojo. Kwa hiyo hao watano wangu, kabla hewa haijachukua fungu lake, wananipa mifuko miwili, nami naipitisha tunduni. Fosforasi ndiyo kichekesho zaidi. Tunawalisha pumba za mpunga, na fosforasi nyingi ya pumba imefungwa kwa namna ambayo tumbo la nguruwe haliwezi kuifungua. Huingia na kutoka ilivyo. Basi inatoka shambani na mpunga, inapita mashine ya kukoboa, inapita kwa nguruwe, inashuka kijitoni, halafu mimi napanga foleni na namba yangu ya usajili kununua mbolea ya DAP ya ruzuku niirudishe shambani. Msimu wa 2022/23 serikali ilitushushia mfuko hadi shilingi 70,000, na tulishukuru. Usipa wa Ziwa Nyasa wanapata yao bure, bila kusajiliwa. Kokoa yetu haiuzwi mpaka ipite stakabadhi ghalani, kilo kwa kilo, lakini mali hii nyingine hakuna hata karani mmoja wa kuipima.

Utasema ziwa ni kubwa. Ni kubwa kweli, kina chake kinafika mita 700 hivi. Ila lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire kule Malawi, na maji mengi hayafiki hata mlangoni, yanaondoka kwa mvuke. Mvuke haubebi fosforasi. Wataalamu wanakadiria kwamba kuyatoa maji yote ya Nyasa kwa Shire peke yake kungechukua karne kadhaa, kwa hiyo ndoo ninayomwaga leo naiwekea akiba vitukuu. Na tunabishana na Wamalawi mpaka upite ufukweni au katikati ya maji, tukikunjua mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Kinyesi changu hakijausoma. Kinavuka bila kugonga muhuri Kasumulu.

Sidai nguruwe saba watalimaliza ziwa. Udongo unaoporomoka kutoka mashamba ya milimani unashusha zaidi, na vyoo vyetu vina habari yake. Lakini wenzetu wa Mwanza walianza hivyohivyo, kila mmoja na tundu lake, hadi miaka ya 1990 gugumaji lilipowafungia mialo.

Usidhani nimekaa tu. Nilihudhuria semina, nikasaini posho. Mwezeshaji wa kwanza alituonyesha picha ya bwawa la wazi la kuhifadhia majitaka ya nguruwe, la Marekani, akasema ndiyo teknolojia. Nikarudi nyumbani nikasoma. Huko North Carolina, Juni 1995, ukingo wa bwawa la aina hiyo ulibomoka na takriban lita milioni 95 zikaelekea New River. Mwaka 1999 mafuriko ya kimbunga Floyd yakayafunika mabwawa mengine. Ukichimba bwawa la wazi Kyela, ambako mto ukifurika unaingia jikoni, utakuwa umekusanya uchafu wa mwaka mzima ili uondoke siku moja.

Mwezeshaji wa pili alituletea biogesi. Biogesi sina ugomvi nayo. CAMARTEC, kituo cha teknolojia cha Arusha, wanaijua kazi hiyo tangu miaka ya 1980, na mke wangu amechoka na kuni mbichi. Nilinyosha mkono tu nikauliza lile tope linalotokea upande wa pili linakwenda wapi, maana inayochomwa jikoni ni gesi, naitrojeni na fosforasi zinabaki zote topeni. Akajibu kwamba tope halina harufu. Nikamwambia samaki hawajawahi kulalamikia harufu. Tukaenda chai.

Nikaanza mwenyewe. Kwanza nilifunga mfereji wa bati kwenye paa, maji ya mvua yaende zake, maana nusu ya nilichokiita majitaka kilikuwa mvua iliyopita bandani. Pili, siku hizi nakomba kwa koleo kabla ya kumwaga maji, na kinachokombwa kinakwenda kwenye biwi la mboji. Ndoo zimeshuka kutoka sita hadi mbili. Maji yanayobaki yanatulia kwenye shimo nililolijengea, lenye mfuniko na ukingo wa juu, kisha yanapenya taratibu kwenye kitalu cha matete nilichopanda juu ya kokoto, na mwisho yanaishia migombani. Matete nayakata, nikiyaacha yaoze palepale nitakuwa nimekopa na kurudisha. Utelezi umepungua, sijasema umekwisha. Aprili haijafika.

Ninachoomba ni kidogo. Nguruwe wangu akifa kwa homa, najua mtakuja. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipotupiga Kyela mwaka 2010 tuliwafahamu kwa sura. Nguruwe wangu akichinjwa, wapo maofisa wanaoagiza kitimoto kilo na nusu, na ndizi, na pilipili pembeni. Katikati ya kuugua na kuchinjwa kuna miezi minane au kumi ambayo mnyama anakunya kila siku, na miezi hiyo haina ofisi. Njoo miezi hiyo. Futi kamba iache. Njoo na chupa ya sampuli, uchote pale kwa bibi, upime, uniambie nadaiwa kiasi gani. Ukipata nafasi, waambie waliotuhimiza kumwaga zege watuletee na ramani ya mahali pa kupeleka kinachooshwa.

Ukikuta nimetoka, ujue nimetoka kidogo.



Wako mtiririshaji mtiifu,
Mfugaji wa nguruwe saba

Nakala:
Mbasa wote wanaopanda mito ya Kyela kutaga.
Bibi wa kule chini (yake ameshaipata leo, saa moja asubuhi).