Injini Nayo Hunywa

Kamina ni mji uliozaliwa na reli, na watu wake hawaogopi chuma. Mpe fundi wa hapa mashine iliyokufa, kipande cha waya na koleo, atakwambia urudi jioni. Chuma hakitushindi hata kidogo. Kinachotushinda ni yale yanayomiminwa ndani yake.

Tembea kutoka stesheni hadi sokoni jioni ambayo umeme umekatika, yaani jioni yoyote. Kila baada ya hatua chache utakuta jenereta ndogo inanguruma: ya kinyozi, ya muuza soda baridi, ya kanisa lenye kinanda cha umeme na mhubiri ambaye kipaza sauti hakimwongezei chochote. Nyuma ya maduka kuna vinu vya kusagia mihogo na mahindi, na barabarani pikipiki za abiria. Nyingi ya hizo hunywa esansi. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaiita petroli, lakini akija huku asiombe petroli: atapewa mafuta ya taa, na kama ana pikipiki atarudi alikotoka akiisukuma.

Halafu kuna mashine ya mjomba wangu, ya kukatia majani. Nadhani ni ya pekee mtaani kwetu, kwa sababu huku majani hukatwa kwa kupe-kupe, yaani panga, na kijana mwenye mgongo mzuri. Mjomba ni mstaafu wa reli na shemasi kanisani, na mbele ya nyumba yake kuna kiwanja cha majani anachokipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Mkwe wake anaishi Iowa, Marekani. Mwaka mmoja mkwe akaweka mashine hiyo ndani ya kontena, ikapita Dar es Salaam, ikapita Kasumbalesa, ikapumzika Lubumbashi muda wa kutosha kuzoea hali ya hewa, kisha ikapanda treni kuja kwetu. Siku ilipowashwa mara ya kwanza, watoto wa mtaa mzima walikuja kutazama. Mjomba alikata majani akiwa amevaa koti.

Tatizo lilikuja na kijitabu cha maelekezo. Mjomba ni mtu wa kusoma kila karatasi, desturi ya watu wa reli, na katika kurasa za Kifaransa alikuta onyo: mafuta yasiwe na ethanoli zaidi ya asilimia 10. Akamwita mjukuu wake anayesoma kemia na biolojia sekondari.

"Ethanoli ni kitu gani?"

"Ni ile ya lutuku, babu."

Mtoto hakukosea. Alkoholi iliyomo ndani ya lutuku, pombe yetu ya kukeneka kwa mahindi au mihogo, dada yake gongo wa Tanzania na chang'aa wa Kenya, ni ethanoli ile ile. Lakini si jambo la kumwambia shemasi bila kumtayarisha. Mjomba alifunga kijitabu, akaitazama mashine yake kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyeanza kuzinywesha injini pombe.

Jibu ni refu, na wakosaji wengine ni majirani zetu. Brazili ilianza mpango wake mkubwa mwaka 1975, kwa miwa, na mwaka 2025 ikafikisha asilimia 30 ya ethanoli katika petroli ya kawaida. Malawi imekuwa ikichanganya tangu 1982. Kenya ilijaribu kule Muhoroni miaka ya 1980 kwa molasi ya miwa, kisha ikaacha. Marekani iliweka sheria mwaka 2005, ikaipanua 2007, na leo petroli yao karibu yote ina sehemu moja ya ethanoli kwa kumi. Na jimbo linaloongoza kwa kuitengeneza ni lipi? Iowa. Kwa mkwe! Zaidi ya theluthi ya mahindi ya Marekani huingia viwanda vya ethanoli. Mahindi ambayo sisi tungeyala kama bukari, yaani ugali, na ya ziada tungeyapeleka kwa yule mama wa mtaa wa pili anayekeneka lutuku, wao wanayanywesha magari.

Magari yenyewe hayalalamiki sana. Gari hutumiwa kila siku, na tangi lake limefungwa vizuri. Shida iko kwa injini ndogo zinazokaa. Ethanoli hupenda maji kupita kiasi na huyavuta hata kutoka hewani, na tangi la mashine ya majani hupumua kupitia kifuniko chake mchana na usiku. Lita moja ya mafuta yenye asilimia 10 ya ethanoli huweza kubeba maji ya kijiko kimoja cha chai hivi. Yakizidi hapo, au usiku ukiwa wa baridi kama ule wa Juni hapa Kamina, mapatano yanavunjika: maji na ethanoli vinashikana mkono, vinaiacha petroli juu na kushuka chini ya tangi. Na mpira wa mafuta unanyonya kutoka wapi? Chini. Injini inaomba esansi, inapewa lutuku iliyozimuliwa.

Hapo ndipo kikohozi kinapoanza. Shaba na alumini ndani ya kabureta huanza kuliwa, mipira ya zamani huvimba au kupasuka, na uchafu uliolala tangini kwa miaka hung'olewa na kupelekwa moja kwa moja kwenye jigleri, kile kitundu chembamba kuliko sindano ya kushonea. Injini zinazochanganyiwa oili ndani ya esansi, kama za misumeno na za jenereta zile ndogo kabisa, zina balaa zaidi: oili hubaki juu na petroli, injini inanyonya ya chini isiyo na oili, pistoni inashikana na silinda, na fundi anakutazama kwa huruma kabla hajakutajia bei. Wamarekani wanalijua hili. Serikali yao iliporuhusu asilimia 15 kwa magari ya kuanzia mwaka 2001, ilikataza kuyatia mafuta hayo kwenye pikipiki, boti na mashine za majani.

Mkwe alithibitisha kwa simu, kwa adabu zote za mkwe. "Papa, msiache esansi ndani ikae," alisema, kisha polepole mambo mengine yakatoka. Huko Iowa aliwahi kuacha mashine gereji majira yote ya baridi, tangi likiwa nusu. Theluji ilipoyeyuka, ikagoma. Fundi wa huko alifungua kabureta, akamwonyesha ukoko mweupe na utelezi wa kijani, akamtoza fedha ambazo Kamina zingemlipa mkata majani hadi Krismasi. Mkwe alinunua nyingine. Na ile ya zamani ilikwenda wapi? Kukawa na kimya kwenye simu. Ile ya zamani ilikuwa imesimama mbele yetu. Mjomba alikuwa amepewa mlevi aliyeacha pombe.

Kuanzia siku hiyo alijitwika kazi ya kumlinda asirudie. Huku kwetu esansi ya reja reja huuzwa barabarani kwenye chupa, na wauzaji wake nchi nzima inawaita khadafi, kwa heshima ya yule mwenye visima wa Libya. Mjomba alimsimamia khadafi wa kona kama mwanasheria.

"Hii esansi yako ina alkoholi?"

Kijana alishtuka. "Papa, miye nauzisha esansi tu. Lutuku iko kule kwa ba mama."

"Naomba uniapie."

Kijana aliapa kwa jina la mama yake. Mjomba akanunua. Wiki chache baadaye, Jumamosi ambayo wageni wa kanisa walitarajiwa, mashine ilikata nusu ya kiwanja, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe na kunyamaza. Fundi wa kwanza alisema ni buji, yaani plagi. Wa pili alisema fundi wa kwanza hajui kitu. Jirani mmoja, kwa sauti ya chini, alitaja bulozi, yaani uchawi, kwa kuwa nani asiyeionea wivu mashine kama ile? Mjomba alikuwa na hukumu yake tayari: khadafi ameapa uongo, mna lutuku humu.

Mjukuu akaleta chupa nyembamba inayoonyesha ndani. Alitia maji kidogo, akaweka alama ya kalamu, akaongeza esansi kama mara tisa ya maji yale, akatikisa na kuiacha itulie. Kama kuna ethanoli, hukimbilia kwenye maji, na maji huonekana yamepanda juu ya alama. Tulisubiri, shemasi akiwa mbele. Maji hayakupanda hata kidogo. Khadafi hakuapa uongo.

Kisha kijana akadondosha esansi kwenye karatasi nyeupe, akaianika. Esansi safi hupaa bila kuacha kitu. Hii iliacha doa la mafuta, pana na la kudumu. Ilikuwa imezimuliwa kwa mafuta ya taa, na chini ya tangi kulikuwa na maji ya kawaida, ya mvua tu, yaliyoingia bila kuhitaji kemia. Mtindo huu si wa kwetu peke yetu: Tanzania ilianza kuyatia mafuta alama maalumu mwaka 2010 ili kuwanasa wachanganyaji, na Kenya mwaka 2018 iliyawekea mafuta ya taa tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyo hiyo. Mjomba alivunjika moyo kidogo, naona. Alikuwa amejiandaa kupambana na pombe.

Basi wewe mwenye jenereta, kinu au mashine ya majani, nunua mafuta ya kutumia wiki hiyo, yachungulie katika chupa nyeupe kabla ya kulipa, na ukitaka kuipumzisha mashine zaidi ya mwezi, mwaga yaliyomo tangini, kisha iache injini imalize yaliyobaki kwenye kabureta mpaka ijizime yenyewe. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekuapia kwa mama yake. Na ninyi wakwe zetu wa Iowa, Mungu awazidishie. Mkituma mashine nyingine, ndani ya boksi tieni na jigleri mbili za akiba.