Jinsi ya Kuunda Manowari ya Matanga Ukiwa Kakamega

Ukitangaza kwamba unaunda mfano wa manowari ya matanga, jambo la kwanza utakaloambiwa ni kwamba Kakamega haina bahari. Usibishane. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na maji mengi tunayoyaona ni yale yanayotumwagikia alasiri za Aprili. Mwambie tu huyo msemaji kwamba meli zilizounganishwa mbali na bahari si jambo geni kwetu. SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafumuliwa, ikasafirishwa vipande vipande hadi Mombasa, wapagazi wakavibeba mabegani, na mwaka 1900 ikashushwa majini Kisumu. Wajerumani nao waliunda Graf von Götzen huko Papenburg mwaka 1913, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000 na kuiunganisha upya Kigoma, ambako iliingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Bado tunaijua kwa jina la Liemba. Kwa hiyo boksi la vipande lililo mezani pako lina ukoo wake Afrika Mashariki, na ni ukoo wa heshima.

Sasa chagua meli. Ulimwengu mzima utakusukuma uchague HMS Victory, ile ambayo amiri Mwingereza Nelson alifia ndani yake kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805. Ni meli adhimu, lakini ina mizinga 104 na sitaha tatu za kuipanga, na anayeanzia hapo kwa kawaida huishia kulisukuma boksi chini ya kitanda. Anza na chombo kidogo cha mlingoti mmoja ili mikono ijifunze. Ukishakimaliza, nakuomba kwa moyo wote: unda Santo António de Tanná.

Watoto wetu wanaweza kukutajia Nelson, ilhali hawajui kwamba manowari ya kweli ya karne ya 17 imelala chini ya bahari mbele ya ngome ya Fort Jesus, Mombasa. Santo António iliundwa na Wareno katika pwani ya magharibi ya India mwanzoni mwa miaka ya 1680, ikawa na mizinga zaidi ya 40. Waomani walipoizingira ngome kuanzia mwaka 1696, meli hii ilitumwa kuwaokoa waliofungiwa ndani. Ilizama hapohapo Oktoba 1697, na ngome yenyewe ikaanguka Desemba 1698. Kati ya mwaka 1977 na 1980, wapiga mbizi wakiongozwa na Robin Piercy, kwa ushirikiano na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, waliichimbua na kuipima ubao kwa ubao. Baadhi ya vitu vilivyotolewa humo utaviona Fort Jesus. Mwaka 2007 Tiago Fraga alilichora upya umbo lake katika tasnifu ya Chuo Kikuu cha Texas A&M. Mimi sijaiona ikiuzwa dukani ndani ya boksi, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kuiunda: utaikata mwenyewe kutoka kwenye michoro, na itakapokuwa mezani itakuwa meli iliyotoka kwenye maji ya Kenya.

Mbao. Usiingie msituni na panga. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo hadi huku, unalindwa, na manowari yako nzima haihitaji mbao nyingi kuliko kiti kimoja. Nenda kwa mafundi wa viti na makochi walio kando ya barabara. Waombe mabaki ya mvule, mahogani, mukomari na lusiola kabla hayajaingia jikoni kuwa kuni. Mukomari una rangi ya asali na unakubali kisu. Mvule ni mgumu zaidi, unafaa kwa mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli. Mabaki hayo yatundike juu ya jiko la kuni mpaka yakauke kabisa, maana ubao uliokatwa msimu wa mvua utasinyaa Januari na kukuachia nyufa ubavuni mwa meli. Kazi ya gundi ifanye asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika. Jumamosi ni bora zaidi: majirani wakiwa wamekwenda Khayega au Shinyalu kutazama mafahali wakipigana, hutagongewa mlango na mtu yeyote ukiwa umeshika ubao kwa vidole kumi.

Wala usisikitike kwamba huna vifaa kama vya Ulaya. Wafungwa Wafaransa waliozuiliwa Norman Cross, Uingereza, wakati wa vita vya Napoleon, waliunda meli nzuri mno kwa mifupa iliyotoka kwenye chakula chao, na kamba wakazisokota kwa nywele. Mchinjaji wako atakupa mfupa wa ng'ombe bila kukudai kitu. Uchemshe, uukaushe juani, uuchonge: hakuna plastiki itakayokupa roda za kupitishia kamba nyeupe kama za mfupa. Mianzi utaichana iwe misumari ya mbao. Vibanio vya nguo vitashika mbao zikikauka. Na kama una dada au mke anayesuka watu, muombe kwa adabu kile chuma cha moto cha kukunjia nywele, kwa sababu hakuna chombo kinachokunja ubao mwembamba vizuri kuliko hicho. Lakini mnunulie kingine kwanza. Vivyo hivyo, ni marufuku kuloweka mbao ndani ya chupa ya chai.

Tufike kwenye kazi yenyewe, yaani kuvika mbao. Hapa ndipo meli hupatikana au hupotea, na hapa ndipo nataka ukae muda mrefu. Umeshasimamisha mkuku na mataruma yake, yaani mbavu za meli, na kila taruma umelipima kwa pembemraba. Unatamani kubandika ubao wa kwanza. Ngoja. Chukua msasa uliogundishwa kwenye kipande cha mbao kirefu, ukwaruze kingo za mataruma, hasa yale ya mbele karibu na hanamu, mpaka ubao uulaze na ulale wenyewe ukigusa upana wote wa kila kingo. Ukiruka hatua hii, ubao utashika kwenye ncha tu, kisha utaachia usiku ukiwa umelala.

Kisha chukua utepe wa karatasi. Zungusha kwenye taruma la katikati, kutoka sitaha hadi mkuku, uweke alama. Fanya hivyo kwenye taruma la mbele kabisa. Utaona kwamba safari ya mbele ni fupi zaidi, ingawa idadi ya mbao ni ileile. Siri yote iko hapo: kila ubao lazima upunguzwe upana unapoelekea hanamu. Gawanya kila utepe kwa idadi ya mbao, hamishia alama kwenye mataruma kwa penseli, kisha punguza kila ubao kwa randa ndogo ufuate alama. Usiupunguze chini ya nusu ya upana wake, maana ncha nyembamba hupasuka. Nyuma, karibu na fashini, mambo hugeuka: meli inatanuka, na mapengo hujitokeza ambayo utayajaza kwa vipande vyenye umbo la kabari. Wengi hukasirika hapa. Waunda meli wa kweli walifanya vivyo hivyo, kwa mbao nzito kuliko mtu.

Bandika ubao mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu, kuanzia juu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, gundi ikikauka itauvuta mkuku, na utapata manowari iliyopinda kama ndizi, inayopiga kona daima. Hilo ndilo tabaka la kwanza; likiwa na makosa, changanya unga wa msumeno na gundi, ziba, piga msasa. Tabaka la pili, jembamba la milimita moja au chini, ndilo la mukomari na ndilo wageni watakaloliona. La kwanza utalijua wewe na Mungu wako, lakini lifanye vizuri vilevile.

Madirisha ya mizinga yafuate mteremko wa sitaha, wala yasifuate usawa wa bahari, kwa sababu mzinga husimama juu ya sitaha. Pima pia kimo cha madirisha kutoka mstari wa maji. Wasweden waliijaza Vasa mizinga mizito juu na madirisha yaliyo chini mno. Mwaka 1628, katika safari yake ya kwanza, upepo mdogo uliilaza, maji yakaingia kwa madirisha hayo, na haikufika hata kilomita moja na nusu.

Kamba zianze na zile zinazoshikilia milingoti, kisha zile zinazovuta foromali, ile miti inayobeba matanga, na matanga yenyewe. Uzi chukua kwa fundi cherehani: mweusi kwa za kwanza, wa rangi ya kahawia kwa za pili. Kabla ya kufunga chochote, pitisha uzi kwenye nta ya nyuki mara mbili ili usitoe manyoya. Nta hiyo ulizia kwa wauza asali. Ngazi za kamba ambazo mabaharia walipandia zilikuwa na nafasi ya sentimita 38 hivi kati ya kidato na kidato. Kwa kipimo cha 1:75 hiyo ni milimita 5, na kila kidato kina fundo kwenye kila kamba kinayoikata. Ni mamia ya mafundo. Funga kidogo upande huu, kidogo upande ule, mlingoti usivutwe. Mpe mtoto mwenye vidole vyembamba safu moja afunge, naye ataisimulia meli hiyo shuleni kuliko somo lolote la historia.

Watoto watauliza, “Mjomba, itaelea?” Waambie ukweli: haitaelea, gundi yake inaogopa maji, na beseni ni marufuku. Shangazi atauliza inauzwa pesa ngapi. Mwambie, “Shangazi, haiuzwi, lakini keti nikuonyeshe mizinga,” kisha umsimulie ule mzingiro. Kuku wasiingie chumba hicho kwa kisingizio chochote. Matanga yakunje kwenye foromali, kwa sababu matanga yaliyotandazwa hukusanya vumbi la barabara ya Mumias kwa wiki moja. Mwite fundi wa madirisha akukatie kasha la kioo, na kwenye kibao uandike jina la meli, Mombasa, 1697.

Itakapokuwa imesimama, utaanza kutazama nafasi iliyobaki kando yake. Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alikuwa na manowari ya mizinga 74, Liverpool, iliyoundwa Bombay mwaka 1826. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme William IV meli hiyo, na Waingereza wakaiita Imaum. Ilikuwa na milingoti mitatu na sitaha mbili za mizinga. Rudi kwa fundi cherehani, na safari hii nunua uzi wa jumla.