Korongo, Kasuku na Majibu Yenye Lebo

Kabla baridi haijaanza kuuma Ulaya, Korongo hufunga safari ya kusini. Mwaka ule alitua Masisi, mashariki mwa Kongo, juu ya vilima vya Rubaya, na ng'ombe walioacha kula majani ili wamtazame waligundua kwamba hakuja kuwinda panzi. Shingoni alining'iniza mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na dodoso refu kuliko miguu yake.

"Mimi ni mshauri mwelekezi," akawaambia fuko waliokuwa wakitoka mashimoni na madini ya koltani mgongoni. "Baraza la Ndege la Brussels limenituma. Linataka kujua kama kazi yenu ni kazi njema, ili litunge sera."

Mzee Fuko alijifuta udongo puani, akamkaribisha, akakaa mbali kidogo. Alikuwa na sababu. Julai 2010 Tai wa Marekani alitia saini sheria yake, na kifungu cha 1502 kikawataka wenye viwanda waseme kama madini yao yametoka Kongo au kwa majirani zake. Septemba mwaka huohuo Chui wa Kinshasa, asionekane kalala, akafunga mashimo yote ya Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Mpaka Machi 2011 hakuna fuko aliyeruhusiwa kutoa hata kiganja cha mchanga. Waliokuwa wakibeba magunia ya kilo 50 kutoka Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, hadi barabarani Njingala, walibaki na mabega yasiyo na mzigo. Kilambo, ambako ndege za mizigo zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara kuu, pakawa kimya. Na bidhaa za dukani zilizokuwa zikishushwa hapo zikaadimika. Siafu wenye bunduki, ambao ndio waliolengwa, hawakufungiwa kitu. Walihamia kwenye mkaa na biashara nyingine.

Baada ya marufuku zilikuja rangi. Tume zilipita zikipanga mashimo: la kijani, la njano, jekundu. Shimo la kijani halitakiwi kuwa na siafu, wala mtoto, wala mama mjamzito. Kisha zikaja lebo, kila gunia na yake. Mwaka 2014 ndege 70 wenye elimu, wakiwemo wazaliwa wa Kongo, waliandika barua ya wazi kwamba tiba hii imewanyima wachimbaji riziki na vita haijavitibu. Brussels ikaisoma, na baadaye ikatunga kanuni yake yenyewe, namba 2017/821, iliyoanza kuwabana waagizaji tarehe 1 Januari 2021. Kazi ya kuandika orodha ya mabonde yenye hatari ikapewa wataalamu wa kukodiwa. Ndiyo maana fuko wa Rubaya, wakiona mdomo mrefu unakuja na karatasi, huhesabu kwanza akiba ya unga.

Korongo hakujua lugha yoyote ya hapo. Akamwajiri Kasuku wa Walikale, msema Kinyanga, Kihunde, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, awe mdomo wake na masikio yake. Mahojiano yakaanza.

"Mzee, umeajiriwa? Ndiyo au hapana?"

"Mwanangu, nachimba tangu utotoni. Mwenye shimo ana fungu lake. Mnunuzi hunikopesha tochi, bugari na sombe. Koltani ikitoka anakata deni lake, kinachobaki tunagawana wenzangu wote wa shimo. Huko ni kuajiriwa?"

Korongo akatafuta kisanduku cha jibu hilo, hakukiona. "Weka hapana."

"Una mkataba?"

"Nina deni. Hapa anayekudai ndiye asiyekubali ufe njaa."

"Weka hapana."

"Mama wa nyumbani kwako aliwahi kupata likizo ya uzazi?"

"Shimo lilipotakiwa kuwa la kijani, alikuwa na mimba. Walimfukuza siku hiyohiyo."

"Weka ndiyo!" Korongo akashangilia, akapiga mbawa.

Kila aliyemaliza kuhojiwa alipewa soda, biskuti na pesa za usafiri, ingawa alikuwa ametembea. Jioni binti yake Mzee Fuko alipiga hesabu: mtu akikatwa fungu la shimo, deni la mnunuzi na ushuru wa njiani, siku moja ya kujibu ilizidi siku tatu za kuchimba. Kesho yake foleni ya majibu ilizunguka kilima.

Hapo Korongo akaingiwa na wasiwasi. Masharti yake yalitaka majibu ya mashimo ya kijani tu. Kasuku, mwenye akili ya kuzaliwa, akapendekeza lebo: kila mhojiwa afungwe mguuni kibandiko chenye jina la shimo lake. Wiki haikuisha, Kima akawa anauza vibandiko sokoni. Fuko wa mashimo mekundu wakateremka navyo. Panya wa Goma, ambao koltani hawajaiona hata kwa ndoto, wakapanda malori wakaja kueleza ugumu wa kuichimba. Na usiku yalivuka majibu mazima kutoka ng'ambo ya kilima, yakaamka asubuhi yakiwa ya Rubaya.

Aprili 2024 siafu wa kundi la waasi la M23 waliiteka Rubaya. Waliweka ushuru kwenye koltani. Na walipoona foleni ya majibu inaishinda ya koltani kwa urefu, wakaweka ushuru kwenye majibu pia.

Kasuku alishindwa kuvumilia. "Mheshimiwa, nusu ya majibu haya hayakutoka hapa."

"Yana lebo?"

"Yanayo."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Ripoti ilitoka Brussels, nzito na yenye picha. Jalada lilikuwa na jina la Korongo; Kasuku aliitwa "msaidizi wa eneo". Ukurasa wa matokeo ulisema ajira njema Masisi imepanda kwa namna ya kutia moyo. Ilipatikana kazi moja iliyotimiza vigezo vyote: ina karatasi ya kutia saini, malipo yanajulikana mapema, hufanyika kivulini, ina kinywaji, na hakuna mfanyakazi aliyefukiwa na udongo. Kazi hiyo ilikuwa ni kuhojiwa. Ripoti ikapendekeza ipelekwe Walikale. Machi 2025 siafu waliingia Walikale, wakatoka mwezi uliofuata. Korongo alikiandika kipindi hicho chini ya kichwa "changamoto za usafiri".

Siku ya warsha ya kuthibitisha ripoti, Mzee Fuko aliomba neno.

"Waambie waliokutuma: anayefunga shimo aseme kwanza fuko atakula nini mpaka lifunguliwe. Ninyi mwauliza kama mikono yetu ni safi. Sabuni analipa nani?"

Kasuku alitafsiri yote, hakuruka hata silabi. Korongo akapekua dodoso kutoka mwanzo hadi mwisho, akafika kwenye mstari wa "maoni mengine", akaandika: hakuna.

Mwaka uliofuata alirudi na mfuko mpya. Baraza lilikuwa limesikia kwamba baadhi ya majibu ya Masisi ni ya magendo, likaagiza utafiti juu ya majibu hayo.

"Nahitaji majibu mengi, na haraka," akasema.

"Yenye lebo yapo tayari, Mheshimiwa," Mzee Fuko akamjibu. "Ya kweli yako chini zaidi, na hayo mpaka leo hajatokea mnunuzi."