Mfumo Hauwajui Kulwa na Doto

Siku hizi parokiani kwetu ukiuliza lolote jibu ni moja: subiri tuangalie kwenye mfumo. Cheti cha ubatizo, mfumo. Umefiwa, unataka misa ya mazishi, mfumo kwanza useme kama jumuiya inakutambua, marehemu akisubiri. Mimi ni katibu wa jumuiya, na hapa Mpanda ukatibu ulikuwa kazi ya heshima: daftari la kaunta, kalamu, na sauti ya kusomea matangazo. Sasa nimekuwa karani wa kompyuta ambaye kompyuta yenyewe haruhusiwi kuigusa.

Programu ililetwa na kijana aliyeshuka na treni ya Tabora, begi mgongoni, shati limepigwa pasi hata baada ya safari ile. Akatueleza kwamba kila muumini atakuwa na namba, na Baba Paroko akibofya tu atajua ana kondoo wangapi, wangapi wana Kipaimara, wangapi wamefunga ndoa. Tukapiga makofi. Walei tuna ugonjwa wa kupiga makofi kabla ya kuuliza.

Kisha fomu zikaja. Orodha ya mikoa iliyopachikwa humo ilikuwa ya kabla ya 2012, mkoa wa Katavi haumo, kwa hiyo sote tukarudishwa Rukwa bila nauli. Hilo tulilimeza. Balaa lilikuwa tarehe ya kuzaliwa. Programu imetengenezwa Marekani, na inaonekana huko watu huzaliwa wameshika kalenda, maana kisanduku hicho hakikubali kuachwa wazi. Nikaenda kwa bibi mmoja wa jumuiya yetu. Tumsifu Yesu Kristo, bibi, ulizaliwa lini? "Milele amina, mwanangu. Mwaka wa nzige, mtama ukiwa bado shambani." Kisanduku cha nzige hakuna. Kijana akasema kwa wazee wote tuandike Januari mosi, tukaandika.

Mwaka Mpya ulipoingia, mfumo ukatuma meseji za heri ya kuzaliwa kwa wazee wote kwa mpigo, na salio la ofisi likaisha kabla ya misa ya pili. Bibi akaniita. "Mwanangu, simu inasema nimezaliwa leo. Haya magoti yanayouma ni ya nani?"

Nikamkumbuka Adrian Atiman wa Karema, huko kando ya Ziwa Tanganyika. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akawa katekista na tabibu hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani. Angefika leo ofisini kwetu na dawa zake mkononi, mfumo ungemwandikia kwa wino mwekundu: taarifa hazijakamilika.

Sasa njoo kwa mapacha. Msukuma akijaliwa mapacha, wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Tunao wawili, Petro Kulwa na Paulo Doto, wana wa Masanja. Aliyejaza fomu zao alikuwa na haraka, akaandika P. Masanja na P. Masanja. Tarehe moja, baba mmoja, mama mmoja, namba ya simu moja, ile ya mzee. Mfumo ukamwuliza mhudumu wa ofisi: huenda huyu ni mtu yuleyule, niwaunganishe? Akabofya ndiyo. Miezi ikapita. Kulwa akaja na mchumba wake kuandikisha tangazo la ndoa, akaambiwa mbele ya binti wa watu kwamba ana mke tayari. Mke wa Doto! Yule binti alitoka ofisini bila kuaga, na ilibidi wazee wawili wa kanisa waende kwao na maelezo.

Kilichowaokoa ni kitabu cha ubatizo, kile kikubwa chenye jalada lililochakaa na alama za mchwa pembeni. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na ndoa ya mtu iandikwe pia penye jina lake katika kitabu cha ubatizo. Tukafungua. Petro kwenye mstari wake, Paulo kwenye mstari unaofuata. Kwa Paulo kumeandikwa ndoa, kwa Petro ni peupe. Umeme ulikuwa umekatika na tulisoma vizuri tu, dirishani.

Ukidhani hayo ni makubwa, nenda kwa ndugu zetu waliotoka Katumba, makazi ya wakimbizi. Wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na mwaka 2014 serikali ikawapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo na mengine kama hayo. Serikali ilimaliza, mfumo haujamaliza. Warundi wana desturi ya kumpa kila mtoto jina lake mwenyewe: huyu Niyonzima, huyu Ndayishimiye, baba ni mmoja. Programu inayopanga kaya kwa jina la mwisho ikaona hapo hakuna undugu. Nyumba moja ikawa kaya sita, na kila kaya ikapangiwa mchango wa ujenzi. Mtoto wa darasa la pili akasomwa kama mkuu wa kaya anayedaiwa.

Ndipo nilipoelewa mfumo ulikuja kufanya nini. Kuzaliwa kwetu hauna uhakika, mapacha hauwajui, lakini kudai, loo! Ukitoa zaka bila kuandika namba juu ya bahasha, fedha inapokelewa ila wewe hukutoa. Mwisho wa mwezi orodha ya wadaiwa inachapwa na kubandikwa mlangoni mwa kanisa, majina na kiasi, wapita njia wasome.

Sasa nina neno kwa kamati tendaji. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inahesabu imani ya mtu na miamala yake ya fedha kuwa taarifa nyeti. Karatasi yenu imeyabandika yote mawili kwa gundi moja. Ishusheni. Na mkiishusha, angalieni mstari wa nne. Huyo ni mimi, nimelipa, na risiti ninayo.