Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya ya Uingereza, ya Kuipongeza kwa Kumtoza Asiye na Kitu Mara Moja na Nusu

Kwa Wizara ya Afya na Huduma za Jamii,
London.

YAH: MATIBABU YA WASIO NA MAKARATASI

Pongezi zinazowasilishwa na barua hii zimechelewa, kwani kazi inayopongezwa ilikamilika tangu tarehe 23 Oktoba 2017, siku ambayo hospitali za umma za England zilianza kulazimika kudai malipo kabla ya tiba kwa kila mgonjwa asiyeweza kuthibitisha kuwa ni mkaazi halali, isipokuwa pale daktari anapoandika kwamba hali yake haiwezi kusubiri. Kanuni za kuwatoza wageni zilikuwepo tangu mwaka 1982, lakini kwa kawaida bili ilikuwa ikiifuata tiba. Wizara ndiyo iliyogundua kwamba tiba pia inaweza kufundishwa kuifuata bili. Aneurin Bevan, waziri aliyeizindua Huduma ya Taifa ya Afya, yaani NHS, tarehe 5 Julai 1948, kwa wazo kwamba matibabu yasitegemee uwezo wa kulipa, hakujaliwa upeo huo.

Asiye na makaratasi, kwa maana inayotumika hapa, ni mtu anayeishi nchini bila kibali: mwanafunzi ambaye visa yake imekwisha, mwombaji wa hifadhi aliyekataliwa, au mtoto aliyezaliwa humo humo na wazazi wasio na kibali. England inamruhusu kumwona daktari wa familia bure, na hata kuingia kitengo cha dharura bure, mradi asilazwe. Akilazwa, au akipewa rufaa ya kwenda kwa bingwa, hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ambayo NHS yenyewe huilipa hospitali kwa huduma hiyo. Hapo ndipo hesabu ya Wizara inapostahili kufundishwa vyuoni, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya mwaka 2016 imefanya kazi ya mtu huyo huyo kuwa kosa la jinai, na ujira wake kuwa mali inayoweza kutaifishwa kama mazao ya uhalifu. Serikali imemkataza kupata hata senti moja, kisha ikamtaka alipe moja na nusu.

Hata hivyo, ubunifu mkubwa zaidi umo katika orodha ya magonjwa ya kuambukiza ambayo uchunguzi na tiba yake havitozwi, orodha ambayo ina kifua kikuu na malaria, na ambayo tiba ya virusi vya UKIMWI iliingizwa rasmi mwezi Oktoba 2012. Mgonjwa akifika hospitali na kikohozi cha wiki sita, jasho la usiku na nguo zinazompwaya, vipimo vyake havilipiwi, kwa kuwa huenda ana kifua kikuu. Makohozi yakionyesha vimelea, atapewa dawa bure miezi sita au zaidi hadi apone. Picha ikionyesha saratani ya mapafu, msamaha unakoma pale pale, na badala ya daktari anaweza kutembelewa na ofisa wa wagonjwa kutoka nje ya nchi, ambaye ni mtumishi wa hospitali aliyeajiriwa kukagua uhalali wa ukaazi na kukadiria gharama. Kwa hiyo Wizara imempata mgonjwa ambaye udaktari haujawahi kumwona tangu uanze, yule anayesali usiku kucha ili aonekane ana kifua kikuu. Hoja yenyewe inaeleweka, kwani ugonjwa unaoweza kumrukia mwenye pasipoti hutibiwa na ule usioweza kumrukia hulipiwa. Dosari yake ni ndogo tu, kwamba hakuna anayejua kikohozi chake ni cha aina gani kabla ya kwenda kupimwa, na anayeogopa bili haendi, kwa hiyo kifua kikuu kilichosamehewa nacho hubaki katika chumba cha kupanga, kikigawiwa wapangaji wenzake bure kabisa.

Uzazi umetendewa kwa upole. Umewekwa katika kundi la huduma za lazima, ambazo haziwezi kuzuiwa wala kucheleweshwa kwa ajili ya fedha, kwa hiyo mama hafukuzwi mlangoni: huzalishwa, huambiwa hongera, kisha hupelekewa bili ya maelfu ya pauni. Wajawazito wanaolijua hilo hukwepa kliniki za miezi ya mwanzo, na shinikizo la damu ambalo lingegunduliwa mapema hugunduliwa wakati kifafa cha mimba kimeshabisha hodi. Muuguzi atakayempokea mama huyo usiku huo huenda akawa Mkenya, aliyefika kwa makubaliano ya Julai 2021 ya kuajiri wahudumu wa afya, na wawili hao, kama mama naye ametoka Afrika Mashariki, wakasaidiana uchungu kwa Kiswahili huku kanuni ikimtambua mmoja tu.

Mpaka kati ya wawili hao, kusema kweli, ni mwembamba kuliko Wizara inavyodhani. Walezi wa wazee walifunguliwa mlango wa visa mwezi Februari 2022 kwa sababu nchi ilikuwa na uhaba wao. Kampuni iliyomleta mlezi ikinyang'anywa leseni, hata kwa makosa ambayo yeye hakuyafanya, mlezi huyo kwa kawaida hupewa siku 60 kutafuta mwajiri mwingine, na akikosa akabaki, anahamia upande wa wasio na makaratasi akiwa bado na maumivu ya mgongo aliyoyapata kwa kuwainua wazee wa nchi hiyo. Wala makaratasi hayahitaji kuwa yamekosekana kweli: Mjamaika aliyekuwa ameishi London zaidi ya miaka 40 aliambiwa mwaka 2017 alipe pauni 54,000 za mionzi ya saratani ya tezi dume, kwa kuwa hakuweza kuonyesha ushahidi wa ukaazi wake.

Mwezi Desemba 2018 vyuo vya kifalme vya madaktari, yaani vyama vyao vya kitaaluma, kikiwemo cha uzazi na magonjwa ya wanawake, viliiomba serikali isimamishe kanuni hizi. Wizara ilikuwa imeshajichunguza yenyewe na kujikuta haina tatizo kubwa. Barua hii haiombi uchunguzi mwingine wa aina hiyo. Inaomba tu kwamba, kwa ajili ya uwazi wa biashara, bei ya saratani ibandikwe mapokezi, karibu na bango linalowahimiza watu wawahi kupima.

Nakala haikutumwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Deni la matibabu la pauni 500 au zaidi lisilolipwa kwa miezi miwili hupelekwa huko na hospitali yenyewe, ambako laweza kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa kibali ambacho kingemwezesha kulilipa.